Dereva Alikata Kulia

Filamu ile iliwagawa watu tangu siku ya kwanza ilipoonyeshwa. Wapo waliotoka ukumbini wakifuta machozi, na wapo waliotoka wakipiga miayo, wakiulizana kama kuna mtu aliyeelewa kwa nini jambazi mzima aonyeshwe akiosha gari muda wote ule. Muuza magazeti aliyekuwa jirani na duka la miwani aliapa kwamba alilala, akaamka, akawakuta watu walewale wamekaa kwenye meza ileile wanakula, ila tu wamezeeka. Mwalimu mstaafu aliyekuja kubadilisha lenzi zake alisema hajaona kitu cha maana kama kile tangu ujana wake, na kwamba wanaolalamikia urefu wake ni watu wanaotaka maisha ya mtu yaishe kabla bisi hazijaisha. Mkewe alimkatiza. Yeye, alisema, alichokiona ni wanaume wasiojua kuzungumza na wake zao, na kuona hilo hakuhitaji kukata tiketi.

Fundi aliyasikia yote hayo akiwa ameinamia mashine ya kusagia lenzi. Watu wote walimwita Fundi, hata mama yake siku anapokuwa na furaha, kwa sababu tangu utotoni alikuwa hawezi kuona kitu kimevunjika akakiacha. Filamu yenyewe hakuwa ameiona, na alikuwa na sababu. Alikuwa ameahidiwa kuiona Jumapili, pamoja na familia ya Mpole.

Huyo Mpole alikuja dukani mara ya kwanza akiwa ameshika miwani ya mama yake iliyokatika mkono. Unga ulikuwa umejaa kwenye bawaba, ikabidi Fundi autoe kwa pini kabla ya kuingiza skrubu mpya. Alimuuliza kama mama yake huwa anasomea ndani ya gunia. Mpole akacheka kicheko cha chini chini, akaeleza kwamba wana kiwanda cha mikate nyumbani, na yeye ndiye dereva wa gari la kusambaza. Wiki iliyofuata miwani ikalegea tena. Na iliyofuata, tena. Siku Fundi alipoona kichwa cha skrubu kimekwaruzwa na ncha ya kisu cha jikoni, alijua ni nani anayeilegeza. Akamwambia, bila kuinua uso, kwamba akitaka kuja aje tu, amwachie mama wa watu miwani yake asome.

Mpole aliona aibu hadi masikio. Lakini alikuja. Alikuja kila alipomaliza mzunguko wake, shati likinukia mkate, akasimama kwenye kaunta akimwangalia Fundi anavyokagua lenzi kwenye mwanga kana kwamba anatazama kitu kitakatifu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Fundi, ambaye nyumbani kwao watu wote walikuwa wasemaji, aliupenda ukimya ule. Aliona kwamba ndani yake mna mengi. Hakujiuliza ni mambo gani.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na jina: Kaka Mkubwa. Baba yao alipofariki, Kaka Mkubwa aliacha shule, akavaa aproni, akakanda unga mpaka mikono ikamvimba. Aliwalea wadogo zake na kumtunza mama yao. Kile kiwanda, nyumba, gari na hata viatu miguuni mwa Mpole vilitokana na mikono ile, na hakuna aliyethubutu kusahau. Katika nyumba ile jambo lilikuwa halijawa jambo mpaka yeye aseme ndiyo. Sasa yeye alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu za majambazi, na aliposikia imekuja hii inayosifiwa kwa habari za ukoo na uaminifu, aliamua kuipeleka familia nzima, kisha wote wale chakula cha jioni nyumbani. Akasema Mpole amlete na huyo binti wa miwani, amwone.

Maana yake kila mtu aliielewa. Siku ikienda vizuri, Kaka Mkubwa angefunga safari kwenda kwa mama yake Fundi kuzungumza mambo ya ndoa. Mama huyo alipiga gauni la binti yake pasi, akalirudia, akalitundika, akaliona lina mkunjo, akalirudia tena.

Walikaa mstari mmoja: Kaka Mkubwa kwenye njia, halafu mkewe, halafu mama, halafu Mpole, na Fundi mwishoni. Taa zilipozimwa, mkono wa Mpole uliutafuta wake na kuupata.

Filamu ilimhusu yatima aliyeokotwa na mkuu wa genge, akalishwa, akavishwa, akafundishwa kuendesha gari. Wote walimwita Dereva. Hakuua mtu hata mmoja katika filamu nzima. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu, na wengine aliowapeleka hawakurudi. Hapo katikati ndipo palipowafanya watazamaji wagombane mji mzima. Dereva anatumwa kumpeleka rafiki yake wa chanda na pete kwenye ghala ambako anasubiriwa auawe, kosa lake likiwa kwamba anataka kuacha ujambazi akaishi na mke wake na mtoto. Wanafika kwenye taa za barabarani. Kushoto kuna daraja na barabara ya kutokea mjini. Kulia ni ghala. Taa inawaka kijani, Dereva haondoki. Inakuwa nyekundu. Inakuwa kijani tena. Rafiki yake, asiyejua lolote, anamsimulia habari za viatu vya mwanawe, kwamba miguu ya mtoto inakua haraka mno. Dereva anakata kulia.

Ni wakati huo Fundi aliposikia mkono wa Mpole umekuwa baridi. Ukachomoka kwenye wake taratibu. Alidhani anataka kufuta machozi, akamwachia faragha yake, macho akayarudisha kwenye skrini.

Baada ya hapo ilibaki bado sehemu kubwa ya filamu, nayo haikuwa na kitu ila uzee. Mkuu wa genge anakufa kitandani. Dereva, mvi kichwani, anaosha gari kila asubuhi na hakuna wa kumpeleka popote. Baadhi ya watu walianza kuondoka, viti vikilia nyuma yao. Mama yake Mpole alisinzia. Fundi alilia kimyakimya, si kwa sababu ya Dereva, bali kwa yule mke wa rafiki ambaye kila mara alionekana akifungua mlango kabla haujagongwa.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, kulikuwa kama sokoni. Kijana mmoja alidai arudishiwe pesa, kwamba bango lilionyesha bunduki na ndani bunduki hazikuzidi za kwenye harusi ya mwanajeshi. Mwanamke asiyemjua mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi analia ndani ya mtandio wake. Wengine walimtetea Dereva, wengine walimlaani, na waliokuwa na njaa waliwaomba wote wanyamaze waende nyumbani. Kaka Mkubwa alikuwa amenawiri kama mtu aliyetoka kushinda kesi. Alisema filamu kama ile ingepaswa kuonyeshwa shuleni. Mpole alishakwenda kuleta gari.

Nyumbani mezani, kulikuwa na kuku, wali na mikate ya kiwandani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Mama yake Mpole alimkalisha Fundi karibu naye, akamshika kidole kimoja kimoja, akamuuliza vidole laini hivi vinashikaje bisibisi. Alimwambia kwamba tangu amtengenezee miwani anaona hata mambo ambayo asingependa kuyaona, na wote wakacheka. Fundi alianza kupumua. Alimtazama Mpole ng'ambo ya sahani, akangoja macho yao yakutane, lakini Mpole alikuwa anatazama chumvi.

Kaka Mkubwa alitaka kila mtu atoe maoni yake kuhusu filamu. Mkewe alisema ilikuwa ndefu lakini nzuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kumaliza maswali haraka. Mama alisema miguu ilimuuma, na kwamba alimhurumia yule mwanamke wa mlangoni. Kaka Mkubwa akasema wanawake siku zote wanamtazama mke, ila kiini cha filamu ni Dereva. Yule ndiye mwanamume, alisema. Mtu aliyelishwa akakumbuka nani alimlisha. Moyo ulimuuma, hilo kila mtu aliliona pale kwenye taa, lakini aliyameza maumivu yake akatimiza wajibu. Kisha akamgeukia Fundi, akamuuliza kwa upole kabisa yeye ameonaje.

Goti la Mpole liligusa lake chini ya meza. Fundi alilichukulia kama ishara ya kumtia moyo. Nyumbani kwao mtu akiulizwa maoni alitakiwa ayatoe.

"Mimi niliona ni mwoga, kaka," alisema.

Kaka Mkubwa alitabasamu. "Mwoga? Mtu aliyeishi na majambazi maisha yake yote?"

"Risasi hakuziogopa. Aliogopa kumwambia bosi wake hapana. Yule alikuwa rafiki yake, yuko kando yake anamsimulia habari za mtoto. Bosi alimtuma, sawa. Lakini usukani ulikuwa mikononi mwake mwenyewe."

Mama yake Mpole aliweka kijiko chini. Mke wa Kaka Mkubwa akainuka kuchukua jagi la maji ambalo lilikuwa bado limejaa. Fundi aliona kwamba kuna kitu kimebadilika, ila hakujua ni nini, na mtu akishaanza kushuka mteremko hata kusimama ni kazi.

"Nani alimlisha?" Kaka Mkubwa aliuliza. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limebaki peke yake usoni.

"Bosi."

"Nani alimpa pa kulala?"

"Bosi, kaka."

"Basi ulitaka amtemee mate."

"Hapana. Nilitaka tu asiendeshe lile gari."

Kaka Mkubwa alifuta mdomo wake polepole, akakunja kile kitambaa, akakiweka kando ya sahani. Hakupandisha sauti. Alimgeukia mdogo wake. "Na wewe? Maana naona mmezungumza mengi nyinyi wawili. Tuambie, Dereva alikosea?"

Fundi alimtazama Mpole. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake anayetokea mbali barabarani, akiwa na hakika ni yeye. Mpole alikuwa anasukuma punje za wali ukingoni mwa sahani.

"Hakuwa na la kufanya," alisema mwishowe. "Kaka yuko sahihi. Hakuwa na njia nyingine."

Chakula kiliendelea. Watu walizungumza habari za oveni mpya na bei ya hamira. Fundi alitafuna, akameza, na asingeweza kusema ameweka nini mdomoni.

Mke wa Kaka Mkubwa ndiye aliyemwita jikoni, eti amsaidie vyombo. Alifungua bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele, na akiwa amempa mgongo mlango akamweleza kile ambacho Mpole hakuwahi kumweleza. Walikuwa na dada. Alikuwa katikati ya wale wawili, mchekeshaji wa nyumba. Alimpenda kinyozi mmoja ambaye Kaka Mkubwa hakumtaka, akaambiwa achague, akachagua. Siku ileile Kaka Mkubwa alimwamuru Mpole ampakie kwenye gari la mikate na begi lake, akamshushe kituo cha mabasi. Mama alikatazwa kutoka mlangoni. Tangu hapo jina la yule dada halitajwi, na mama anaficha picha yake kwenye foronya.

"Uliposema usukani, mwanangu, ulimtaja Mpole," alisema.

Fundi alishika ukingo wa sinki. "Sikujua. Wallahi sikujua."

"Mimi naamini hukujua. Lakini mume wangu anaamini umesimuliwa, ukaja kumsuta kwenye meza yake mwenyewe. Na anaamini aliyekusimulia ni Mpole." Alifunga bomba. "Laiti angekuwa amekusimulia. Ungejua pa kukanyaga."

Mpole alimrudisha kwao jua likiwa linazama. Gari lilinukia mkate wa asubuhi, na kreti tupu zilikuwa zinagongana nyuma. Fundi aliomba msamaha, akaomba tena, akaeleza kwamba angejua angekula ulimi wake kabla ya kusema neno lile. Mpole alisema si kosa lake. Alisema hivyo kwa sauti tulivu kiasi kwamba Fundi alitamani apige kelele.

Ni walipokaribia nyumbani kwao ndipo alipoanza kusema, macho mbele. Dada yake hakumlaumu siku ile. Yeye Mpole ndiye aliyekuwa analia, na dada ndiye aliyekuwa anambembeleza, anamwambia asiendeshe huku machozi yamejaa, atagonga watu. Alipomshusha, dada alimshika bega, akampa pipi iliyokuwa imebaki kwenye mkoba wake, kana kwamba bado ni mtoto. Sasa dada anaishi mjini humu humu, nyuma ya duka la kunyoa, kwenye mtaa ambao Mpole hupeleka mikate. Ana mtoto wa kike. Anawaona wakati mwingine.

"Unawaona," Fundi alirudia. "Halafu?"

"Nashusha mikate dukani, naondoka."

"Hujawahi kusimama hata mara moja?"

"Kaka atajua."

"Na akijua?"

Mpole alisimamisha gari mbele ya nyumba ya kina Fundi, akazima injini. Fundi aliushika mkono wake, akauweka shavuni kwake. Ulikuwa mkono mzuri, mpana, wenye makovu madogo ya trei za moto. Alimwambia asimame kesho. Asiseme lolote, abishe tu hodi, mtoto amwone mjomba wake. Alimwambia ikiwa ataliweza hilo dogo, makubwa wataweza wote wawili. Mpole alimtazama kwa macho yale yale ya kwenye kaunta. Akaitikia kwa kichwa, na Fundi akashuka na ujasiri kidogo moyoni, akaingia ndani na kumdanganya mama yake kwamba chakula kilikuwa kizuri na watu walikuwa wazuri.

Kesho yake Mpole hakuja dukani. Wala kesho kutwa. Simu iliita bila kupokewa, halafu ikawa haiiti kabisa. Wateja waliendelea kuingia na filamu yao mdomoni. Yule mwalimu mstaafu alirudi kusema amekwenda kuiona mara ya pili na sasa amembadilikia Dereva, hamtetei tena. Muuza magazeti akamwambia mtu anayelipia usingizi mara mbili ana pesa za kuchezea. Wote wawili wakamgeukia Fundi awe mwamuzi. Fundi alisema hajui. Alisema filamu ni filamu tu, akawasha mashine ya kusagia ili wasimuulize zaidi.

Alipokuja, ilikuwa mchana, duka likiwa halina mtu. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, na kwa lile shati tu Fundi alijua ametumwa. Hakusogea karibu na kaunta. Alisimama katikati ya duka kama mgeni, akiwa amezungukwa na vioo vya kujaribia fremu, na kila kioo kikamwonyesha mnyonge zaidi ya kingine.

"Kaka amesema," alianza, kisha akaanza upya. "Kaka amesema tuache. Amesema niwe muungwana, nije nikuambie mwenyewe."

Fundi alizima mashine. Alivua miwani yake ya kazi. "Ulisimama kwa dada yako?"

Mpole alitikisa kichwa kukataa.

"Haya. Kaka yako amesema. Nimemsikia. Sasa nakuuliza wewe. Wewe unataka nini?"

Alimwona akilitafuta jibu. Alimwona kweli akilitafuta, kama mtu anayepekua mifuko yake yote kutafuta ufunguo huku anajua aliuacha ndani.

"Sijui namna ya kutaka kitu ambacho kaka hakitaki," alisema. "Sijawahi kujifunza."

"Tutajifunza wote. Mimi nina kazi, wewe unajua kuoka. Tutapanga chumba. Watu wanaanza na chini ya hapo."

"Na mama? Ameshampoteza mmoja. Nikiondoka na mimi, nani atamwona?"

"Mama yako hakumpoteza mtu. Alinyang'anywa, na bado ananyang'anywa kila siku unapopita mtaa ule bila kusimama." Aliiegemea kaunta kwa mikono yote miwili. "Unanipenda?"

"Nakupenda." Hilo alilisema upesi, bila kulitafuta. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nakupenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Usidhani sikupendi."

"Basi nenda ukamwambie kaka yako maneno hayo hayo. Hayo tu. Nitakungoja hapa."

"Nikiwa mbele yake maneno yananipotea," alisema Mpole.

Fundi alimwangalia. Maisha yake yote alikuwa akichukua vitu vilivyovunjika na kuvigeuzageuza mpaka aone penye ufa, na akishaona ufa mikono ilijua pa kuanzia. Huu aliuona vizuri sana. Ulikwenda chini mno, hadi mahali ambapo mikono yake isingefika, na aliyekuwa na uwezo wa kufika alikuwa amesimama mbele yake, shati limepigwa pasi, akiomba radhi.

Hakumfukuza. Alizunguka kaunta, akamfuta machozi kwa kile kitambaa laini cha kufutia lenzi, kwanza shavu hili kisha lile, akaikunjua kola yake iliyojikunja. Kwa kitambo Mpole aliegemeza paji la uso wake begani kwake, na Fundi alinusa unga, sabuni na jasho, akajua anavinusa kwa mara ya mwisho. Halafu alirudi nyuma ya mashine. Mpole alisimama mlangoni kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuitwa. Kengele ya mlango ililia, gari la mikate likawaka, likaondoka.

Alifanya kazi mpaka muda wa kufunga. Mtu alikuja kuchukua miwani yake, akaijaribu, akasema sasa anaona mpaka majani ya mti wa ng'ambo, akamshukuru. Fundi alizipokea shukrani zake.

Nyumbani mama yake alikuwa anakata vitunguu. Alimtazama binti yake mara moja tu, akaacha kisu. Hakuuliza kilichotokea, akina mama huyaona hayo mlangoni. Alimvuta kwenye kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, na Fundi akamweleza yote, tangu ukumbini hadi dukani, bila kulia na bila kuficha neno lake mwenyewe alilolisema mezani kwa watu.

Mama yake alikuwa ameachwa zamani, na alikuwa na maneno aliyoyatunza miaka yote kwa siku kama hii. Wanaume wa namna ile, alisema, wanapitisha muda tu. Angekuwa na mapenzi ya kweli angepigana. Mwanamume akiondoka ujue hakuwa amefika, na binti mwenye mikono ya kazi hamlilii mtu ambaye hakumpenda. Aliyasema kwa uhakika, huku akimsugua mikono ili ipate joto, na alikuwa akimtazama usoni kuona kama dawa inaingia.

"Hebu niambie," alisema. "Alipokuwa anakuambia hayo, alikuwa mkavu, si ndiyo? Alikuwa anatazama saa."

"Alilia, mama."

"Wanajua kulia."

"Alinipenda." Fundi alisema taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. "Usiniambie hakunipenda. Alinipenda sana, na haikusaidia kitu."

Mama yake aliyaacha maneno yake yote, akaendelea kumsugua mikono, na vitunguu vikakauka juu ya ubao.